Sakafu ya besimenti inavuja? Soma hapa kabla hujamlipa mkandarasi

Wakuu, salaam.

Mvua zikianza tu, inboksi inajaa swali lile lile: "Besimenti inatoa maji sakafuni, mkandarasi kanitajia bei hii, nimpe?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa. Somo hili si la kuziba maji mwenyewe. Ni la kuongea na mzibaji, ili hela yako iende kwenye tatizo ulilonalo, isiende kwenye bidhaa aliyojaza stoo.

Hatua ya 1. Maji yakiwa yamefika kwenye soketi au waya, usikanyage. Umeme ukatwe kwanza, na kama swichi kuu iko humo humo chini, aitwe fundi umeme.

Hatua ya 2. Piga picha na video kabla ya kudeki.

Hatua ya 3. Andika mvua ilinyesha lini na maji yalitokea baada ya muda gani. Kama yanatoka hata kiangazi, andika hilo kwa herufi kubwa.

Hatua ya 4. Tafuta chanzo mwenyewe. Funga bomba zote, soma mita ya maji, kaeni saa moja au mbili bila mtu kugusa hata choo, kisha soma tena. Ikiwa imesogea, kuna bomba linavuja mahali, anza na fundi bomba. Kama haijasogea, chukua nailoni nzito yenye upande wa sentimita 45 hivi, ibandike sakafuni kwa utepe pande zote nne, uiache saa 16 au zaidi. Unyevu ukiwa chini ya nailoni, maji yanapanda kupitia zege. Ukiwa juu yake, ni hewa yenye unyevu inayogusa sakafu baridi na kugeuka matone. Hapo hakuna cha kuziba.

Halafu piga magoti na tochi, uangalie pale ukuta unapokutana na sakafu. Mara nyingi sakafu humwagwa baada ya kuta kusimama, kwa hiyo pana kiungo, na maji hupita kwenye kiungo kabla ya kupita kwenye zege nzima. Unga mweupe unaopukutika ukiugusa ni chumvi iliyoachwa na maji yaliyokauka, maana yake yalipita hapo hata kama leo pakavu. Na maji yakibubujika kwenye tundu la kutolea maji sakafuni, tena yananuka, hiyo ni kesi ya bomba la majitaka. Usimlipe mtu wa sakafu kwa kazi hiyo.

Hatua ya 5. Toka nje. Paa la mita za mraba 100 likipigwa na mvua ya milimita 10 linamwaga lita 1,000. Kama bomba la gata linazimwaga miguuni mwa ukuta, au ardhi imeinamia nyumba, rekebisha hilo kwanza. Ardhi ishuke walau sentimita 15 ndani ya mita 3 za kwanza kutoka ukutani. Ni kazi ya jembe na kipande cha bomba, na kuna watu tatizo lao liliishia hapo.

Hatua ya 6. Ita wakandarasi watatu, kila mmoja saa yake. Usimwambie wa pili alichosema wa kwanza.

Hatua ya 7. Swali lako la kwanza lisiwe bei. Uliza: "Maji yanatoka wapi, na umejuaje?" Kisha nyamaza. Anayejua kazi atakuuliza habari za mvua, atataka kuzunguka nje, atapapasa ile kona ya ukuta na sakafu. Asiyejua atasimama kwenye ngazi, atazungusha macho mara moja na kusema, "Hii ndogo bosi, tunapaka dawa."

Swali la pili: "Tukiyazuia hapa, yataenda wapi?" Hili linachuja watu vizuri sana. Maji ya ardhini yakipanda mita 1 juu ya usawa wa sakafu, yanaisukuma kutoka chini kwa nguvu ya karibu tani 1 kwa kila mita ya mraba. Rangi uliyopaka kwa ndani inasukumwa kutoka mgongoni, inatoa malengelenge, inabanduka. Ukiziba ufa mmoja, maji yanatafuta mwingine. Kwenye hali hiyo jibu la maana ni kuyapa njia: kukata ukanda wa sakafu kandokando ya kuta, kulaza bomba lenye matundu ndani ya kokoto, na kuyaongoza hadi kwenye shimo lenye pampu.

Kama ni ufa mmoja na msukumo ni mdogo, kudunga (kusukuma dawa ya kuziba ndani ya ufa) kunaweza kutosha, ila uliza anadunga nini. Epoksi huwa ngumu na kushikanisha zege, lakini inataka ufa mkavu. Poliyurethani ikikutana na maji inafura, kwa hiyo inafaa ufa unaolowa. Anayetaka kudunga epoksi kwenye ufa unaochuruzika, mwombe akueleze ataukaushaje.

Hatua ya 8. Mkataba. Hapa someni polepole, maana hapa ndipo watu wanapopigwa, mimi nikiwemo.

"Kuzuia maji besimenti, kazi yote" si maelezo ya kazi. Dhamana ya ufa si dhamana ya sakafu. Mtu anadungiwa ufa, anapewa karatasi yenye mhuri na miaka kadhaa ya dhamana, mvua inayofuata maji yanatokea hatua mbili pembeni. Akimpigia, mkandarasi anakuja, anaelekeza kidole kwenye ufa wake: "Wangu mkavu." Na kwa jinsi karatasi ilivyoandikwa, yuko sahihi. Kwa hiyo iandikwe dhamana inahusu eneo gani, atafanya nini maji yakitokea tena, na nani atalipia kutindua na kurudishia zege.

Iandikwe pia: unene wa zege itakayorudishiwa, nani anabeba kifusi, nani anazuia vumbi (vumbi la kukata zege lina silika, ni baya kwa mapafu, akate kwa maji au kwa mashine ya kunyonya), na pampu itatema maji wapi. Nimeona pampu inayotema maji mita moja kutoka ukutani. Yanazunguka tu, yanarudi shimoni.

Malipo yaende kwa hatua za kazi iliyoonekana. Sehemu ya mwisho ibaki mkononi mwako hadi mvua kubwa ipite. Akikataa kabisa, angalau mpate majaribio ya kumwaga maji mbele yako.

Maswali karibuni. Someni kwanza.

---

Ngazi_ya_Chini: Mkuu bei yake inacheza ngapi?

Jibu: Bei ya nini? Hatua ya 4.

Ngazi_ya_Chini: Ya kuzuia maji besimenti.

Jibu: Kurefusha bomba la gata na kukata sakafu nzima zote zinaitwa hivyo. Hatua ya 4, mkuu.

Mama Wawili: Asante kaka kwa somo. Nimejaribu ile nailoni, juu kumelowa, chini kukavu kabisa. Ila mkandarasi alishaniambia sakafu inavuja. Na nikifungua madirisha naona ndiyo inazidi.

Jibu: Dada, umefanya kazi aliyopaswa kuifanya yeye. Madirisha yanazidisha kwa sababu hewa ya nje ina unyevu mwingi kuliko ya ndani. Unaingiza maji bila kujua. Yafunge siku za joto la unyevunyevu, yafungue hewa ya nje ikiwa kavu. Mashine ya kukausha hewa inasaidia sana. Zulia liondoke, na maboksi yainuliwe yasiguse sakafu. Rudia nailoni baada ya mvua kubwa, kwa sababu jibu la kiangazi halifungi kesi. Huyo mkandarasi mwonyeshe picha ya nailoni, umsikilize atasema nini.

Fundi_Mwenyewe: Unatuharibia riziki. Nimeziba sakafu nyingi kwa sementi ya kukauka haraka na hakuna aliyelalamika.

Jibu: Sijaikataa popote. Kwa tundu linalotema maji haina mpinzani, inashika kwa dakika chache hata ikiwa ndani ya maji. Lakini ni ngumu. Ufa ukiendelea kucheza, inaachia. Wewe unajuaje kama ufa unacheza?

Fundi_Mwenyewe: Nachora mistari ya penseli kukatiza ufa, naandika tarehe, narudi baadaye. Na tundu nalichimba liwe pana ndani kuliko mdomoni, sementi isisukumwe nje.

Jibu: Basi wewe si unayesemwa hapa, fundi. Wakuu, hiyo ya penseli ichukueni. Naongeza: upande mmoja wa ufa ukiwa umeinuka kuliko mwingine, au mistari ikiachana, ita mhandisi wa majengo kabla ya mtu wa maji.

Zege_Kavu: Sijasoma yote. Nikipaka rangi ya kuzuia maji tu?

Jibu: Soma yote.

Tochi: Pampu yangu ipo tayari, nitajuaje kama nzima kabla ya mvua? Na umeme ukikatika?

Jibu: Swali zuri. Mwaga ndoo za maji shimoni hadi boya liinuke. Iwake, itoe, izime yenyewe. Pampu ikizima, sikiliza: maji yakirudi shimoni kwa kishindo, valvu ya kuzuia maji kurudi ni mbovu au haipo. Umeme hukatika usiku wa mvua ile ile unayoihitaji pampu, kwa hiyo dai pampu ya pili ya betri iingie kwenye makadirio tangu mwanzo. Na shimo liwe na mfuniko.

Mama Wawili: Nikimaliza haya, vigae naweza kuweka lini?

Jibu: Kama kuna zege mpya, kanuni ya mafundi ni karibu mwezi mmoja wa kukauka kwa kila milimita 25 za unene. Kisha nailoni tena sehemu tatu nne, mojawapo pale ilipokatwa. Chini kukiwa kukavu, weka. Acha nafasi ndogo kandokando ya ukuta, uifunike kwa ubao unaoweza kubanduliwa, usiipige sementi. Siku ukitaka kuchungulia kile kiungo, huvunji kitu.