Namna ya Kutofautisha Mabadiliko ya Kiumbo na ya Kikemia kwa Maji ya Chokaa

Maji ya chokaa yaliyo maangavu yanaweza kugeuka meupe kwa kupashwa moto au kwa kupulizwa pumzi, lakini ni pumzi tu inayozaa dutu mpya. Kwa sababu hiyo nayaona yanafundisha zaidi kuliko mfano wa barafu inayoyeyuka na mshumaa unaowaka, ambao jibu lake mwanafunzi amekwisha kulikariri.

Tumia chokaa iliyozimwa, yaani ile ya unga inayouzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi. Kwanza weka chembe chache katika kisahani na uzidondoshee siki: zikitoa povu jingi, chokaa hiyo imekwisha kunyonya hewa ukaa na haifai. Vaa miwani ya kinga na glavu, kwa kuwa chokaa huunguza macho na ngozi.

Tia vijiko viwili vya chai vya chokaa katika lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, koroga, funika, kisha yaache yatulie hadi kesho yake. Sehemu kubwa ya unga itabaki chini, kwa maana lita moja ya maji yenye nyuzijoto 20 za Selsiasi huyeyusha takriban gramu 1.7 tu za chokaa. Mimina taratibu maji ya juu, uyachuje kwa karatasi ya chujio, na uyagawe katika gilasi mbili zinazohimili moto.

Gilasi ya kwanza ifunike bila kukaza, uiweke ndani ya sufuria yenye maji, kisha upashe moto mpaka maji ya sufuria yakaribie kuchemka. Tofauti na sukari, chokaa huyeyuka kidogo zaidi kadiri maji yanavyopata joto, hivyo sehemu yake hurudi kuwa yabisi na maji huwa na ukungu. Hayo ni mabadiliko ya kiumbo: dutu ni ileile, na maji yakipoa huku yakikorogwa, ukungu huo hupungua polepole.

Katika gilasi ya pili puliza pumzi kwa mrija, ukiangalia sana usivute hata tone moja mdomoni. Hewa ukaa iliyomo katika pumzi huungana na chokaa kuwa kalsiamu kaboneti, dutu ileile iliyo katika mawe ya matumbawe, nayo huonekana kama weupe wa maziwa. Hayo ni mabadiliko ya kikemia: dutu mpya imezaliwa. Acha kupuliza mara tu weupe unapokolea, kwa sababu ukiendelea kwa muda mrefu kaboneti hiyo hugeuka tena kuwa dutu inayoyeyuka, na maji huanza kung'aa upya.

Kwa macho gilasi hizo hufanana. Subiri masimbi, yaani chembe nyeupe zinazozama, yatulie, ukiiacha ya kwanza ibaki katika maji ya moto, kisha mwaga maji ya juu na udondoshe siki juu ya masimbi. Ya gilasi ya kwanza huyeyuka kimya. Ya pili hutoa vipovu vya hewa ukaa.

Maji yanayobaki yahifadhi katika chupa iliyojaa hadi shingoni, kwani yakikaa wazi hujifanyia utando mweupe kwa hewa ukaa ya hewani, jambo lilelile linaloifanya lipu ya chokaa katika nyumba za kale za Lamu na Unguja kuwa ngumu.