Sungura mgeni asiingizwe banda la mwenyeji siku ya kwanza

Simu ninayopigiwa zaidi na wanaofuga sungura nyumbani hapa mjini Dodoma, Nkuhungu hadi Ihumwa, ni ile ile. Mtu amenunua sungura wa pili ili wa kwanza apate mwenza. Jioni kafungua banda, kamtumbukiza mgeni ndani, kaenda kulala. Asubuhi ananipigia: "Daktari, sungura wanachinjana!" Nikifika nakuta manyoya yametapakaa, sikio limechanika, na mara nyingine dume ameng'atwa sehemu za siri. Majuzi nimemshona jike mgongoni huku watoto wenye sungura wamesimama mlangoni wanalia. Lile jeraha halikupaswa kuwepo.

Sungura wa kufugwa ametokana na sungura wa Hispania na Ureno, wanaoishi kwa makundi kwenye mashimo. Jike wa ukoo huo hulinda shimo lake kwa meno na kucha, na kwake banda ndilo shimo. Ukimwona anasugua kidevu kwenye nguzo na kwenye sahani, anaweka alama, maana chini ya kidevu ana tezi za harufu. Ndiyo sababu hata wakati wa kupandisha jike ndiye anayepelekwa kwa dume. Wafugaji wa biashara wanalijua hili, lakini ninyi mnaofuga wawili watatu kwa ajili ya watoto naona hamjaambiwa.

Mgeni akae peke yake siku 14 kamili, chumba kingine, na chombo chake cha maji. Siku ya kununua haihesabiwi! Nimeshaambiwa "wiki mbili zimeisha, daktari" na nikihesabu tarehe ni siku tisa. Utitiri wa masikio na kuhara kwa koksidia, vimelea vya utumbo, havionekani mnadani. Hudumia mwenyeji kwanza, mgeni baadaye, kisha nawa kwa sabuni.

Zikiisha siku hizo, weka mabanda mawili yakitazamana na uache sentimita 10 kati ya wavu na wavu. Pima kwa rula, usikisie: mabanda yakigusana wanang'atana pua. Wakae hivyo siku 7. Kila jioni chukua konzi ya nyasi za kulalia za huyu uweke kwa yule, na kuanzia siku ya nne wabadilishane mabanda yenyewe. Chakula kiwe upande wa wavu, wazoee kula wakionana.

Ndipo wakutane, mahali ambapo hata mmoja hajawahi kukanyaga: koridoni, stoo iliyofagiliwa, bafuni pakiwa pamekauka. Mita 2 kwa 2 zinatosha. Tandika gunia, maana saruji inateleza na sungura akiteleza anaingiwa na hofu. Weka maboksi mawili yaliyotobolewa pande zote mbili. Boksi lenye mlango mmoja ni mtego. Kuanzia Oktoba hadi mvua zishike, fanyeni kabla ya saa 2 asubuhi. Joto letu la mchana linamchosha sungura hata akiwa amelala, sembuse akifukuzwa.

Siku tatu za kwanza ni dakika 10 tu, kwa saa ya simu. Kisha ongeza dakika 5 kila siku mpaka ufike nusu saa. Watoe wakiwa wametulia. Kosa la pili la wafugaji ni hili: wanaona mambo shwari, wanawaacha "kidogo tu", wanaenda kuinjika chai. Kaa hapo hapo, ufagio mkononi. Masikio yakilala nyuma na mkia ukainuka, au wakianza kuzungukana kwa kasi, pitisha ufagio katikati. Usiingize mkono. Kupandana kwa sekunde chache kuache, ila anayepanda upande wa kichwa mwondoe mara moja, kwa sababu wa chini anaweza kumng'ata dume pabaya. Damu ikitoka, rudini kwenye wavu siku 7 nyingine.

Madume wawili wasiohasiwa msiwajaribu kabisa. Dume aliyehasiwa na mtaalamu asubiri wiki 6 kabla ya kukutana na jike, kwani bado anaweza kumpa mimba, na siku 31 baadaye mtakuwa na vitoto ambavyo hamkuvipanga.

Wakilambana na kulala ubavu kwa ubavu, wamepatana.

Banda watakaloishi lioshwe kwa maji na siki, likauke juani, vyombo vipangwe upya, na wote wawili waingie kwa wakati mmoja. Tangu hapo msiwatenganishe. Hata mmoja akiugua, wabebeni wote kwenye boksi moja mnapokuja kwa daktari wa mifugo. Akilala nje hata siku mbili atarudi na harufu ngeni, na mtaanza tena na zile sentimita 10.