Jinsi ya kuanzisha kikundi cha kusaidiana kwa vijana wa kazi za miradi: kwa sisi wa Mwanza na visiwani

Mwangaluka. Mwongozo huu nimemwandikia mtu ninayemjua vizuri. Ana mwaka mmoja hadi mitatu kwenye kazi za miradi, cheo chake kinaanza na "msaidizi" au kinaishia na "wa kujitolea", anaamka saa kumi na moja kuwahi gari la fildi, na usiku anaandika ripoti kwa Kiingereza cha mfadhili ambaye hajawahi kumwona. Ana maswali ambayo hawezi kumuuliza bosi. Nyumbani nako hakuna anayeielewa kazi yenyewe. Mama anachojua ni kwamba mtoto "yuko na Wazungu".

Na mimi nilikuwa hivyo. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kukusanya takwimu kwa kina mama wanaoanika dagaa kwenye mialo ya Igombe na Kayenze. Lengo nililopewa lilikuwa kaya 25 kwa siku. Nilikuwa nafika 12, nimechoka, nalia chooni. Miezi minne nilijiona mzembe. Siku moja kwenye kivuko cha Kamanga nikakaa na kijana wa mradi mwingine, dodoso lake refu kama langu, akaniambia kwao wanafanya kaya nane kwa siku na msimamizi anaona ni nyingi. Nilicheka hadi watu wakageuka.

Wazee wa pamba wa kanda hii wanaijua habari hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakati Paul Bomani na wenzake wanavijenga vyama vya ushirika vya wakulima, kilio kikubwa kilikuwa mzani wa mnunuzi. Mkulima alihisi anapunjwa lakini hakuwa na cha kulinganisha. Dawa ya mwanzo ilikuwa kuweka mpimaji wao pembeni. Kikundi ninachokueleza hapa ni huo mzani wa pili. Nimekaa kwenye vikundi vitatu vya namna hii kwa miaka saba. Kimoja kilikufa vibaya, nitakisema.

Hatua ya 1: Tafuta watu watano, usifungue kundi la WhatsApp

Kilichokufa ndicho kilichoanza na WhatsApp. Wiki ya kwanza tulikuwa 140. Wiki ya tatu kulikuwa na matangazo ya kazi za Dodoma, michango ya harusi, video za maombi na mtu anayeuza viwanja Usagara. Hakuna aliyewahi kuandika "nimekwama" mbele ya watu 140, na sioni kwa nini aandike.

Anza na watu sita, wewe ukiwemo. Vigezo vyangu ni vichache na sivilegezi. Wawili wasitoke ofisi moja. Asiwepo anayemsimamia mwenzake, wala anayetarajia kumwajiri. Kazi zichanganyike: mmoja wa afya, mmoja wa uvuvi, mmoja wa fedha, mmoja wa ufuatiliaji na tathmini. Na angalau mmoja awe anafanyia kazi nje ya jiji, Ukerewe au Kome au Misungwi huko ndani, maana wa mjini tukikaa peke yetu tunalalamikia viyoyozi.

Mgeni kutoka nje naye anakaribishwa, mradi akubali kikao kiwe cha Kiswahili. Tulikuwa na dada wa Kijerumani aliyekuja kujitolea, na shida yake ilikuwa kwamba ofisini kwake kila anachopendekeza kinakubaliwa na hakifanyiki. Tulitumia nusu saa kumweleza maana ya "tutaangalia".

Hatua ya 2: Funga siku, saa na mahali

Jumamosi ya pili ya mwezi, saa nne asubuhi. Mwisho wa mwezi watu wana ripoti, mwanzo wa mwezi wana familia. Kwa wa Sengerema na Geita, tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, kisingizio cha foleni ya kivuko kimekwisha. Wa Ukerewe bado anahesabu saa za meli kutoka Nansio, kwa hiyo mpangie kikao kifuatane na safari zake nyingine za mjini, na akichelewa msimnunie.

Mahali pawe pa kawaida. Sisi tunakaa nyuma ya mgahawa mmoja Kirumba, chini ya mwembe: birika la chai ya rangi, sahani ya michembe au matobolwa (viazi vitamu vilivyokaushwa) kama ni msimu, sato kwa mwenye nafasi. Usikubali ukumbi wa ofisi ya mtu, hata ukipewa bure. Kuta za ofisi zina masikio na mlinzi ana daftari la wageni.

Kila mtu ajilipie nauli na chai. Hakuna posho. Nalisema hili kwa ukali kwa sababu tumelelewa kwenye semina za bahasha. Siku bahasha isipokuwepo utajua nani alikuja kwa ajili gani.

Hatua ya 3: Kubalianeni kuhusu siri kabla hamjasikia siri

Kanuni yetu inasemwa kwa sauti kila kikao, hata kama tuko wale wale: kisa kinabaki chini ya mwembe, ulichojifunza unaweza kuondoka nacho. Hakuna kurekodi, hakuna picha ya skrini, hakuna kumuuliza mtu kisa chake kwenye daladala.

Walengwa hawatajwi majina wala kijiji. Tunasema "mama mmoja wa mwaloni", basi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na hata isingekuwepo, yule mama alikupa habari zake kwa ajili ya mradi, hakukupa za kwenda kunywea chai.

Kuna jambo moja ambalo siri hailifuniki. Mtu akieleza kwamba mtoto anaumizwa, au kwamba mfanyakazi wa mradi anawataka kimapenzi walengwa ili wapate huduma, kikao kinasimama hapo. Hatujadili mbinu. Tunamsaidia mwenzetu kupeleka taarifa panapostahili: kwa mhusika wa ulinzi wa walengwa kwenye shirika lake, Dawati la Jinsia na Watoto polisi, ustawi wa jamii, au namba 116 ya bure kwa masuala ya mtoto. Mwambieni kila anayejiunga jambo hili siku ya kwanza, asije akasema mlimsaliti.

Hatua ya 4: Endesheni kikao kwa saa, si kwa hisia

Hii ndiyo hatua yenye kazi, nitaikalia.

Dakika kumi na tano za kwanza kila mtu anasema hali yake kwa sentensi mbili tatu. Kisha mnachagua kisa kimoja, mkiwa na muda viwili. Mmoja anashika saa na haongei sana.

Mfano wa kweli, nimebadilisha vitu vidogo kwa ruhusa ya mwenyewe. Mwenzetu mmoja wa ng'ambo ya Busisi aliendesha semina ya siku mbili ya BMU, kile kikundi cha ulinzi wa rasilimali za uvuvi mwaloni. Waliohudhuria walikuwa 17. Jioni mtu aliye juu yake akaongeza majina matatu na sahihi tatu kwenye karatasi ya mahudhurio. Masurufu, yaani fedha za semina, yalichukuliwa kwa jina la huyu kijana, kwa hiyo marejesho, yaani hesabu ya matumizi, ni yake, na yalitakiwa Jumatatu. Alikuja akiwa hajalala siku mbili.

Dakika kumi akaeleza, hakuna kumkatiza. Halafu dakika ishirini za maswali matupu. Hapa ndipo vikundi vingi vinaharibika, maana sisi tuna huruma ya haraka: mtu hajamaliza sentensi tumeshampa ushauri na mstari wa Biblia. Kanuni ya kuuliza kwanza si yangu. Mwingereza Reg Revans aliitumia miaka ya 1940 kwa mameneja wa migodi ya makaa ya mawe, akiwakutanisha waulizane juu ya matatizo yao halisi badala ya kuwaitia wataalamu wa kuwahutubia. Chini ya mwembe inafanya kazi vile vile.

Swali la kwanza likawa, "Kwa nini usimwambie mhasibu?" Mshika saa akalikataa. Huo ni ushauri uliovaa kanzu ya swali.

"Hiyo karatasi iko wapi sasa hivi?"

"Kwenye begi langu."

"Kuna picha yake kabla majina hayajaongezwa?"

Akanyamaza, akatoa simu. Ilikuwepo. Alikuwa ameipiga saa tisa alasiri kumtumia mratibu, akasahau kabisa. Hakutuonyesha, na hatukuomba.

"Na fedha za wale watatu?"

Hilo ndilo lililomtoa jasho. Zilikuwa kwenye bahasha, ndani ya begi lile lile, chini ya kiti alichokalia. Hakuwa amempa mtu.

Mpaka hapo hakuna aliyemshauri kitu, lakini alikuja akiuliza "nitamshtakije bosi wangu?" na sasa alikuwa na jambo dogo zaidi mkononi: kuandika 17 na kurudisha salio. Zikafuata dakika kumi na tano za uzoefu, na hapa sentensi inaanza na "mimi iliwahi kunikuta", hairuhusiwi kuanza na "ungetakiwa". Yule wa fedha akaeleza jinsi anavyosoma marejesho yenye salio, na kwa nini salio lenye stakabadhi ya benki humfanya asiulize zaidi. Dakika tano za mwisho mwenye kisa akasema mwenyewe atafanya nini na lini.

Jumatatu alirudisha fedha na kuandika 17. Bosi alimnunia wiki mbili. Hakufukuzwa, na mkataba uliofuata hakupandishwa pia. Nalitaja hilo ili usidhani kikundi kinagawa miujiza.

Hatua ya 5: Daftari la mstari mmoja

Msiandike muhtasari. Andikeni tarehe, herufi ya mwenye kisa na alichoahidi kufanya. Kikao kijacho mnaanzia hapo: ulifanya? Basi.

Hatua ya 6: Jiandaeni kwa siku ambayo fedha inakatika

Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, sisi tuliokuwa na mradi wowote unaogusa fedha hiyo tulijua kwa barua pepe, wengine wakiwa barabarani. Kikundi kilikutana siku tatu baadaye badala ya kusubiri Jumamosi ya pili. Hatukufarijiana sana siku ile. Kila mtu alileta mkataba wake tukausoma kwa sauti, kifungu kwa kifungu, kama watu wanaokagua nyavu zilizochanika.

Fanyeni zoezi hilo mapema, wakati hakuna msiba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa anayelipwa kwa mwezi, akishavuka mwezi wa kwanza wa kazi, notisi isiyopungua siku 28 au malipo badala yake. Mfanyakazi anastahili cheti cha utumishi anapoondoka. Kidai hata kama mmeachana vizuri, hasa kama mmeachana vizuri, kwa sababu mradi ukifungwa miaka miwili baadaye hakuna wa kukusainia. Anayeona ameachishwa isivyo halali ana siku 30 za kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na nimeona watu wakizimaliza wakisubiri "HR atapiga". Angalia pia kama michango yako ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inafika kweli. Mmoja wetu aligundua miezi saba ya pengo, akaambiwa ni mtandao.

Na wewe wa kujitolea usiye na mkataba wowote: leta hiyo barua ya ukurasa mmoja uliyopewa. Mara nyingi ndani yake kuna ahadi ambayo hata aliyeiandika ameisahau.

Siku ile ile tuligawana kazi nyingine ndogo: kila mtu aliandika aya moja ya kumsifia mwenzake, yenye jambo alilolishuhudia. Aya hizo ziliingia kwenye barua za maombi za wanne wetu.

Hatua ya 7: Mkubwa mmoja, mara chache

Kila miezi mitatu mwalikeni kaka au dada aliyetutangulia kwa miaka kumi hivi. Afike bila hotuba, naye alete kisa chake kilichomshinda. Akikataa kuleta kisa na kutaka "kuwatia moyo vijana", mshukuruni na kumwagizia chai.

Mkifika tisa, gawanyikeni. Inauma kidogo.

Kuanza

Ujumbe niliotumia mimi huu hapa, unaweza kuuchukua ulivyo:

"Habari za leo dada. Natafuta watu sita wa kazi za miradi tukutane mara moja kwa mwezi, kila mtu alete jambo moja linalomkwaza kazini, tuulizane. Hakuna posho, hakuna usajili, kinachosemwa hakitoki. Jumamosi ya tarehe 10 saa nne, Kirumba. Ukiona hakikufai niambie tu, sitakasirika."

Tuma kwa mtu mmoja mmoja, Jumanne jioni. Ijumaa watu wako njiani kurudi mjini. Wa Ukerewe mpigie simu, bando lake huwa limeisha.