Kusoma JVP shingoni bila kubahatisha

Faili nyingi za wanafunzi zina maneno "JVP haijapanda". JVP ni shinikizo la damu kwenye vena ya shingo, yaani mshipa unaorudisha damu moyoni, na husomwa kwa kimo cha mtikisiko wake. Muulize aliyeandika ni sentimita ngapi, anainamia viatu vyake. Juzi nilikuwa na mmoja kando ya kitanda: rula alijua kuishika vizuri tu, ila hakuwa na hakika anapima nini. Ndiyo maana hatua ya 3 imerefuka hivi.

Hatua ya 1: Mlaze mgonjwa. Nyuzi 45, kichwa kwenye mto, shingo ilegee. Ageukie kushoto kidogo tu. Akizidisha, misuli inakaza na huoni kitu.

Hatua ya 2: Mwanga. Taa ya darini achana nayo. Tochi ndogo, imulike kutoka pembeni ili kila mtikisiko wa ngozi uwe na kivuli. Angalia upande wa kulia, kwa sababu vena ya jugula ya ndani upande huo hushuka karibu moja kwa moja hadi atria ya kulia, chumba cha juu cha moyo upande wa kulia.

Hatua ya 3: Hakikisha ni vena. Vena yenyewe huioni, imejificha chini ya misuli. Tafuta ngozi inayochezacheza, kuanzia juu ya mtulinga kuelekea kwenye ndewe ya sikio. Wengi hurukia vena ya jugula ya nje kwa kuwa imechomoza. Mimi siiamini sana: inaweza kubanwa njiani ikavimba wakati moyo hauna neno.

Karotidi, ateri kubwa ya shingo, hupiga mara moja, ikisukuma nje kwa nguvu. Vena hutikisika mara mbili kwa kila pigo la moyo, na kinachovuta jicho ni ngozi kuzama. Tatizo ni kwamba kigezo hiki hukuangusha kwa wagonjwa walewale ambao kwao unakihitaji zaidi. Mwenye fibrilesheni ya atria (atria zinatetemeka badala ya kusinyaa) hana wimbi la a, mtikisiko unaotokana na atria kusinyaa. Vali ya trikaspidi (iliyo chini ya atria ya kulia) ikivuja, wimbi la v, mtikisiko wa pili unaotokea atria ikijaa, huwa kubwa hata ukadhani ni ateri, na pengine kidole kikalihisi.

Kwa hiyo usitegemee jicho peke yake. Bonyeza kwa wepesi juu ya mtulinga: mtikisiko wa vena hupotea, wa ateri hubaki. (Karotidi mbili usizibonyeze kwa pamoja, hata kwa mzaha.) Inua au shusha kitanda: kimo cha vena hubadilika. Mwambie avute pumzi: kimo hushuka. Kikipanda badala ya kushuka, fikiria perikadiamu (mfuko unaouzunguka moyo) iliyokakamaa.

Na kama huoni chochote? Bado huna ruhusa ya kuandika "haijapanda". Huenda kilele kiko chini ya mtulinga, mlaze zaidi. Huenda kimepita taya, mkalishe wima. Nimeona shingo iliyotulia tuli kwenye nyuzi 45, mgonjwa alipoketi ndewe ya sikio ikaanza kucheza. Ukiona mtikisiko juu ya mtulinga mtu akiwa wima kabisa, JVP imepanda, hata kabla hujatoa rula.

Hatua ya 4: Pima. Rula isimame wima kwenye pembe ya Louis, pale ubavu wa pili unapoungana na mfupa wa kidari. Kadi ilale mlalo kutoka kwenye kilele cha mtikisiko. Usipime kwa kufuata mteremko wa shingo. Zaidi ya sentimita 3 imepanda. Wengine huongeza 5 wapate shinikizo la atria. Mimi naandika nilichokiona: "sm 6 juu ya pembe ya Louis, nyuzi 45".

Hatua ya 5: Bonyeza tumbo. Uliza kwanza kama linauma, maana akijikaza JVP itapanda yenyewe. Kiganja kitulie sekunde 10 hadi 15, apumue kawaida. Kupanda kidogo kisha kushuka ni kawaida. Kupanda sentimita 3 au zaidi na kubaki huko hadi utoe mkono, si kawaida.

Ukikuta vena zimevimba pande zote mbili, hazitikisiki hata kidogo, na uso nao umevimba, usikimbilie furosemidi, dawa ya kukojoza maji. Fikiria vena kava ya juu, vena kubwa inayoleta damu ya kichwa na mikono moyoni, iliyoziba.