Betri ya lithiamu kwenye gari la kuchezea

Gari la mtoto linalotumia betri mbili za AA limetengenezewa volti 3. Betri moja ya lithiamu ya 18650, kama zile za ndani ya pawabenki, ina volti 3.7, na ikijaa hufika 4.2. Ukiiweka badala ya hizo mbili, mota itaenda kasi mno na kupata moto. Weka dayodi ya 1N5408 (kifaa kidogo kinachopitisha umeme upande mmoja tu) kwenye waya wa chanya, upande wenye mstari uelekee mota. Itapunguza takriban volti 0.7.

Kuchaji ndiko kwenye hatari hasa. Nunua saketi ya kuchajia ya TP4056, ile yenye ulinzi unaokata umeme betri ikikaribia kuisha, yenye alama B+, B-, OUT+ na OUT-. Betri inakaa kwenye B, mota kwenye OUT. Wengi huunganisha vyote kwenye B kwa sababu gari linatembea vilevile, kumbe ulinzi umerukwa, na betri itaendelea kunyonywa mpaka ife. Tafadhali usilehemu waya juu ya betri yenyewe, joto linaiharibu ndani; tumia kishikio chake. Na mtoto asichezee gari likiwa kwenye chaja.