Nukta nyekundu au vilengeo vya chuma? Anza na macho yako

Wanafunzi wangu wengi wa bastola hununua nukta nyekundu kwanza (kilengeo chenye kioo kinachofungwa juu ya bastola, kikionyesha nukta ya mwanga), halafu ndipo huniuliza kama inawafaa. Kifaa chenyewe si cha bei ndogo, kwa hiyo pitia hatua hizi kabla hujatoa pesa.

Hatua ya 1: hakikisha bastola haina risasi. Toa magazini, vuta slaidi, kagua chemba kwa macho na kwa kidole. Rudia. Risasi zikae chumba kingine, na mtutu uelekee upande salama muda wote.

Hatua ya 2: pima macho. Vilengeo vya chuma vinataka uone kilengeo cha mbele waziwazi, huku cha nyuma na shabaha vikififia kidogo. Ukishavuka miaka 40, kuona vitu vya karibu huanza kuwa kazi. Hapo nukta inasaidia kweli: unaikazia macho shabaha, nukta inatua juu yake.

Azima bastola yenye nukta uitazame. Ukiiona imechanuka kama nyota, ipige picha kwa simu. Ikiwa pichani ni duara safi, kasoro iko kwenye jicho, mara nyingi astigmatizimu, yaani uso wa jicho usiopinda sawasawa. Punguza mwanga wake. Isipotulia, kamwone daktari wa macho.

Hatua ya 3: inua bastola mara 50. Hapa ndipo wengi hukata tamaa. Kiwiko au kifundo cha mkono kikikaa vibaya, chuma hukuonyesha kosa na unalirekebisha. Nukta hutoweka tu, ukabaki unatazama kioo kitupu. Usiitikisetikise bastola kuitafuta. Mara nyingi mtutu umeinuka na nukta imepotelea juu, basi ushushe taratibu. Lete bastola kwenye jicho, usiinamishe kichwa kuifuata. Wiki zangu za kwanza nilikuwa mzito kuliko nilivyokuwa na chuma, na ni mazoezi makavu (bila risasi) ya dakika 10 kila jioni yaliyonitoa hapo.

Kama macho yako ni mazima na uwanjani unafika mara moja kwa miezi mitatu, baki na chuma. Pesa hizo nunulia risasi za mazoezi.

Hatua ya 4: ukiamua nukta. Ukubwa wake hupimwa kwa MOA, kipimo kidogo cha pembe. Ya MOA 3 hufunika kama sentimita 2 kwenye mita 25. Ya MOA 6 hufunika zaidi ya 4, ila huonekana upesi. Kwenye mvua, tone likitua juu ya taa ya kifaa kilicho wazi, nukta hutawanyika. Kilichofungwa pande zote, kama Aimpoint ACRO, hakina shida hiyo. Ukishindana IDPA, mashindano ya bastola za kujilinda, utaingia kundi la Carry Optics, la bastola zenye nukta.

Hatua ya 5: kufunga. Kaza skrubu kwa kipimo cha mtengenezaji, kisha chora mstari wa rangi kutoka skrubu hadi kwenye kifaa: mstari ukikatika, skrubu imelegea. Weka vilengeo virefu vya chuma vinavyoonekana kupitia kioo, maana betri huisha. Mimi hubadilisha yangu kila Januari, na nikilazimika kukitoa kifaa kwenye bastola ili kuibadilisha, narudi uwanjani kuhakiki shabaha.