SOMO: Kuchagua kaliba na aina ya bunduki ya kuwindia kulungu (Ohio na majirani)

Habari za wakati huu, wanachama. Wiki ya bunduki hapa Ohio, yaani ya kuwinda kulungu kwa bunduki, huanza Jumatatu baada ya Thanksgiving (sikukuu ya shukrani), na kila mwaka maswali humiminika Novemba, wakati watu wameshanunua. Tafadhali soma kwanza, dukani uende baadaye.

Somo hili ni la anayewinda kulungu wa mkia mweupe kwa mara ya kwanza, hasa sisi tuliotoka Afrika Mashariki na Kongo. Wakenya wengi hawajawahi kushika bunduki ya kuwindia, maana kwao uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977. Aliyetoka Kivu huenda anaijua kaliba (unene wa risasi) 12 ya marisau. Mtanzania aliyefanya kazi kwenye vitalu vya uwindaji amezoea kusikia habari za .375 ya nyati. Kulungu wa huku ana hesabu yake.

Hatua ya 1: Sheria ya jimbo lako

Hapa ndipo pa kuanzia, na ndipo wengi wanapoparuka. Ohio hairuhusu kila bunduki. Tangu 2014 imeruhusu bunduki zinazotumia risasi yenye ganda lililonyooka, kuanzia .357 hadi .50 (namba hizi ni sehemu za inchi). Shika risasi mbili mkononi utaelewa: ganda la .308 linapanda, kisha linabanwa na kuwa na shingo kabla ya kufika kwenye kichwa cha risasi. Ganda la .350 Legend linapanda bila shingo yoyote. Kwa miaka mingi kabla ya hapo, wawindaji wa Ohio walitumia bunduki za marisau zilizojazwa risasi moja nzito, kwa sababu mashamba ni tambarare, nyumba ziko karibu, na risasi inayochoka mapema ina hatari ndogo kwa jirani. Ganda lililonyooka linafuata mantiki hiyohiyo.

Kwa hiyo .308, .270, .30-06, hata .30-30 ambayo imekuwa ikiangusha kulungu tangu 1895, zote hapa haziruhusiwi kwa kulungu. Na usijaze zaidi ya risasi tatu, ukihesabu chemba (tundu la nyuma ya mtutu inapokaa risasi ya kupigwa) na magazini (sehemu ya akiba ya risasi) pamoja. Vuka mto uingie Kentucky, .308 na .30-06 ni halali. Pennsylvania nayo inazikubali kaliba hizo, lakini inakataza bunduki za nusu-otomatiki, zinazojijazia risasi zenyewe, kwa kulungu. Kijitabu cha kanuni hutolewa kila msimu. Soma cha mwaka huu, usitegemee cha shemeji yako. Mafunzo ya mwindaji, leseni, kibali cha kulungu na fulana ya rangi ya chungwa havina mjadala.

Hatua ya 2: Umbali

Eneo la moyo na mapafu ya kulungu lina upana wa kama sentimita 20, sawa na sahani ya chai na mandazi. Umbali wako wa kuwinda ni ule ambao risasi zako zote zinaingia kwenye sahani hiyo ukiwa umepiga goti au umeegemea mti. Risasi ulizopiga ukiwa umekaa mezani uwanja wa shabaha, bunduki ikiwa juu ya mfuko wa mchanga, hazihesabiki hapa. Misituni huku kulungu wengi hupigwa chini ya yadi 100 (kama mita 90). Mtu anayeniambia anataka kaliba ya yadi 500 huwa namuuliza ataiona wapi hiyo nafasi.

Hatua ya 3: Bega lako

Ndugu zangu, hili ndilo ninalolishikilia kuliko yote. Kulungu hafi kwa ukubwa wa kaliba. Anakufa kwa risasi iliyopita mahali pake. Bunduki inayokupiga teke kali itakufundisha kufumba macho na kuvuta kifyatulio kwa pupa, na mwisho wake ni mnyama aliyepigwa tumboni, amekimbilia kwenye kinamasi, anateseka usiku kucha na nyama inaharibika.

Kwenye majimbo yanayoruhusu ganda lenye shingo, .243 Winchester (ya 1955) ina teke la takriban nusu ya .30-06, na kwa risasi ya greni 100 (greni ni kipimo cha uzito wa kichwa cha risasi) inamtosha kulungu ukiwa makini. 7mm-08 (1980) na 6.5 Creedmoor (2007) zinaongeza nguvu bila kuumiza bega. Anayeanza ningempa mojawapo ya hizi. .308 (1952) inauzwa kila duka, na hilo ni jambo kubwa. .270 (1925) na .30-06, iliyoanza kama risasi ya jeshi la Marekani mwaka 1906, ni nzuri kwa aliyekwisha kuzoea. .300 Winchester Magnum iacheni. Si ya kulungu wa yadi 80.

Kwa Ohio, jibu langu ni .350 Legend, iliyotoka 2019 (jina lisikutishe, Ohio inaikubali). Teke lake ni dogo, na hadi yadi 150 au 200 inafanya kazi vizuri. .450 Bushmaster ni kali kuliko inavyohitajika. .45-70, ya tangu 1873, nayo ni halali, ila bega lako litakumbuka.

Kabla hujanunua, azima au kodi kaliba unayoitaka na ujipime hivi. Mwenzako akujazie bunduki bila wewe kutazama, mara risasi halisi, mara risasi bandia. Vuta kifyatulio ukilenga. Siku ya risasi bandia hakuna mshindo, kwa hiyo utauona mtutu waziwazi: ukitulia, uko salama, ukizama chini, wewe ndiye uliyeuzamisha kwa kungoja teke. Shuka kaliba moja, rudia.

Hatua ya 4: Inavyojaza risasi

Bolti ndiyo ninayopendekeza. Unainua mkono wa bolti, unavuta nyuma, ganda linaruka nje, unasukuma mbele, unashusha. Kila kitu unakiona, unaisafisha jikoni bila vifaa vingi, na ukifungua bolti kila mtu aliye karibu anajua bunduki haiwezi kulia.

Leva, unayoijaza kwa kushusha na kupandisha mkono ulio chini ya kifyatulio, ni nyepesi, fupi, tamu kwenye kichaka. Lakini nyingi zina magazini ya bomba chini ya mtutu, risasi zimepangana kichwa kwa kitako. Ncha kali ya chuma ikilalia fataki (kiwashio cha kwenye kitako) ya risasi iliyo mbele, teke linaweza kuilipua humo ndani. Tumia risasi za kichwa bapa, au zile za ncha laini zilizotengenezwa kwa ajili ya leva.

Ya risasi moja inayokunjwa ni ya bei nafuu na inafundisha nidhamu. Ya pampu, unayoijaza kwa kuvuta na kusukuma mshikio ulio chini ya mtutu, inapendwa sana Pennsylvania. Nusu-otomatiki inapunguza teke kidogo, ila inataka usafi na inakushawishi kupiga ya pili kabla hujaitafakari ya kwanza.

Hatua ya 5: Risasi yenyewe

Chagua risasi ya kuwindia inayopanuka, si ya kijeshi iliyofunikwa shaba yote. Maandishi kwenye kitako cha risasi yafanane na yaliyochongwa kwenye mtutu, neno kwa neno. Halafu rekebisha darubini, hadi risasi iingie pale unapolenga, kwa risasi hizohizo utakazowindia.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Columbus: Shikamoo mwalimu. Mzee mmoja kazini ananiuzia .30-30 ya leva kwa bei nzuri. Nichukue?

Marahaba. Kwa Ohio hapana, ganda lake lina shingo. Ukiipenda leva, tafuta ya .45-70 au .360 Buckhammer, iliyotoka 2023 kwa ajili ya majimbo kama haya.

Mwanachama, Lexington: Kaka, mimi niko na visa ya mwanafunzi. Naweza kushika bunduki?

Ndugu, simama hapo kwanza. Sheria ya shirikisho inamkataza mwenye visa ya muda kumiliki au hata kushika bunduki, isipokuwa kwa vighairi vichache. Kimojawapo ni kuwa na leseni halali ya kuwinda iliyotolewa na jimbo. Ukikosea hapa unahatarisha makazi yako nchini, kwa hiyo zungumza na wakili wa uhamiaji kabla hujaazima hata ya rafiki. Mwenye green card (kibali cha ukaazi wa kudumu) hafungwi na katazo hili.

Mwanachama, Dayton: Mwalimu, mimi ni mama mfupi, kila bunduki ninayojaribu darubini inanigonga juu ya jicho.

Pole sana dada. Hapo kaliba haina kosa. Kitako ni kirefu kwako, na darubini imefungwa nyuma mno. Tafuta bolti ya .350 Legend yenye kitako kifupi au chenye vipande vya kupunguza. Ukikunja kiwiko, kitako kikiwa kwenye mkunjo wa mkono, kidole kifike kwenye kifyatulio bila kujinyoosha. Kisha fundi aisogeze darubini mbele.

Mwanachama, Cincinnati: Assalam alaykum. Nitumie kaliba ndogo ili nimkute bado hai nimchinje?

Wa alaykum salaam. Hapana, usimjeruhi kwa makusudi. Piga Bismillah unapofyatua, tumia kaliba inayotosha, lenga mapafu. Ukimkuta bado yu hai, mchinje. Kuhusu aliyekufa kwa risasi, wanazuoni wengi wa leo wanaruhusu kwa kuwa risasi inatoboa, lakini muulize sheikh wako kabla ya msimu, na kisu chenye makali kiwe kiunoni.

Mwanachama, Columbus: Nikinunua iliyotumika, nitazame nini?

Fungua bolti, hakikisha ni tupu, mulika tochi ndani ya mtutu kutoka upande wa chemba. Mistari iliyochongwa ndani ya mtutu iwe na ncha safi, bila kutu wala vishimo. Jaribu sefti (kizuizi cha usalama) mara kadhaa bunduki ikiwa tupu. Skrubu zilizochubuka vichwa zinaonyesha kuna mtu aliifungua asiyejua. Muuzaji akikukataza kuijaribu uwanjani, mrudishie bunduki yake.